Kipande Alichokata Nyoosha

Kazini walimwita mume wangu Nyoosha kabla sijamjua, na nilipomjua nikaona jina limempata mwenyewe. Hakuweza kupita mbele ya picha iliyopinda ukutani bila kuigusa. Mara ya kwanza alipokuja nyumbani kwetu, mama yangu alimnyooshea mkono wa salamu, naye akawa ameshapiga goti anaweka sawa zulia. Mama aliniambia jikoni kwamba huyu ama ni mume mwema ama ni mgonjwa. Alikuwa mume mwema. Ugonjwa ulikuja baadaye.

Tulifanya kazi mahali pamoja. Yeye alikuwa fundi mkuu wa darubini ya redio, sahani ya chuma pana kuliko uwanja wa mpira, na mimi nilichambua data iliyotoka kwenye sahani hiyo. Yeye ananasa, mimi nahesabu, na jioni tunagombana nyumbani nani kamharibia nani kazi. Nasema tuligombana kwa sababu ni kweli. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na yeye alikuwa mbishi mpaka kwenye hali ya hewa.

Tulichokuwa tunakitafuta nimekieleza mara nyingi, kwa ndugu, kwa majirani, kwa dereva wa teksi aliyejuta kuuliza, mpaka nimekipatia maneno ya jikoni. Mbali sana, kwenye galaksi nyingine, kuna mashimo meusi makubwa ajabu yanayozungukana mawili mawili. Yakizungukana, nafasi yenyewe inatikisika, na mtikisiko ule unasambaa ulimwengu mzima. Jozi moja huisikii. Lakini jozi ziko nyingi mno, na mitikisiko yake yote imechanganyika ikawa uvumi mmoja, kama soko linavyosikika ukiwa mtaa wa pili: humsikii anayeuza wala anayenunua, unasikia soko. Sisi tulikuwa tunautafuta uvumi huo. Wimbi lake moja huchukua miaka kupita, na hakuna mtu, awe na shahada au awe na fimbo, anayeweza kuliharakisha.

Njia ya kulinasa ni hii. Kuna nyota zilizokufa, ndogo na nzito, zinazojizungusha kwa kasi, na kila zikizunguka zinatupiga pigo la redio kwa utaratibu usiokosea. Tunajua kila pigo linapaswa kufika lini. Likiwahi au likichelewa kidogo, hapo hatusemi kitu, kwa maana nyota moja inaweza kuwa na matatizo yake. Lakini nyota nyingi zikiwahi na kuchelewa kwa mpango, zile zilizo jirani angani zikikubaliana, na zile zilizo pande mbili tofauti zikipingana, basi kilichotikisika ni nafasi iliyo kati yetu nazo. Na kuwahi huko au kuchelewa huko ni sehemu za bilioni za sekunde.

"Kwa hiyo mnalipwa kusubiri nyota ichelewe," wifi yangu alisema nilipomweleza. Ni dada yake Nyoosha, na amekuwa akiishi kwetu tangu ndoa yake ilipovunjika. "Mimi wangu alichelewa kila siku na sikulipwa kitu."

Mwaka jana Nyoosha alianguka bafuni. Kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia, kikamvuta mguu, na kikamchukua maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki ni "ndiyo". Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Unanijua mimi ni nani? Ndiyo. Mimi ni mama yako? Ndiyo. Mtaalamu wa usemi aliyekuja kumfanyisha mazoezi alisema huenda anaelewa mengi na huenda anaelewa machache, na kwamba tusiache kuzungumza naye. Nilimwuliza tutajuaje ni mengi au machache. Akasema tuwe na subira. Nikamwambia subira ndiyo kazi yangu ya mshahara, ningependa nyumbani nipumzike nayo. Wifi alinifinya.

Sasa nije kwenye kikao.

Bosi wetu, mwanamke aliyeanzisha kikundi hiki wakati sote bado tuna nywele nyeusi, alituita kwenye chumba cha mkutano, akatuonyesha mchoro. Baada ya miaka kumi na tano uvumi ulikuwa umeanza kujitokeza. Nyota zilikuwa zinakubaliana na kupingana karibu kabisa na mpango uliotarajiwa. Karibu. Kulikuwa na kitu kinavuta mchoro pembeni, na kijana wetu wa programu, tunayemwita Miwani, alikuwa amekipata: katika mwaka wa sita, nyota zote kwa pamoja zilianza kuwahi, ghafla, kwa kiasi kilekile, na hazikurudi nyuma tena.

Nyota zote haziwezi kuamua kuwahi wiki moja. Kosa lilikuwa kwetu.

"Nimelipata," Miwani alisema, akaweka picha mbili ukutani. Zote zilikuwa za chumba cha mitambo, mahali kebo inayoshuka kutoka kwenye sahani inapoingilia. Katika picha ya kwanza, kebo ilikuwa na akiba yake, mviringo mnene uliofungwa na kuning'inizwa ukutani, vile mafundi wote wanavyoacha ili siku wakihitaji wasipungukiwe. Picha ya pili ilipigwa siku wageni wa heshima walipokuja kutembelea kituo. Wamesimama na suti zao, wanatabasamu, na nyuma yao ukuta ni mweupe, safi. Mviringo haupo. Kebo imeshuka moja kwa moja, imenyooka.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Nilicheka hata mimi. Nilimwona kabisa akilini, asubuhi ile ya wageni, anaingia chumbani na kuuona ule mviringo umekaa ukutani kama utumbo, anasema haiwezekani, anachukua mkasi wa kebo. Mahali pengine popote duniani angepewa asante. Lakini kwetu sisi kebo ni muda. Pigo la nyota linapopita kwenye kebo linachelewa, na linafika kwenye saa yetu likiwa limechelewa kwa kadiri ya urefu wa kebo. Kata kebo, na nyota zote angani zinawahi.

Kicheko kikaisha. Wakaanza kunitazama.

"Alikata mita ngapi?" Bosi aliuliza.

Hakuna aliyejua. Kipande kilitupwa siku hiyohiyo, na kebo yenyewe ilibadilishwa yote miaka iliyofuata. Data peke yake ilisema ni kati ya mita tano na mita thelathini, ikaishia hapo, kwa sababu mruko ule ulikuwa umezama ndani ya kelele. Ukisema ni tano, uvumi unafifia. Ukisema ni kumi na sita, uvumi unasimama wima mbele yako. Na usiposema kitu, huna budi kukata rekodi mahali pale, na wimbi refu haliingii kwenye rekodi fupi. Ungebaki na miaka iliyofuata tu, ambayo haitoshi, na ile ya mwanzo ungeitupa.

Ile ya mwanzo ndiyo miaka ya Nyoosha. Baadaye tulipata vifaa vipya na mafundi wengine, lakini miaka ile alikuwa peke yake na sahani. Alipanda juu yake na grisi, alilala chini yake injini zikigoma, alikosa kuzaliwa kwa mtoto wetu wa kwanza kwa sababu kipokezi kilikuwa kimekataa kupoa. Hakuwahi kuomba msamaha kwa hilo. Alisema: "Siku mkiusikia uvumi wenu, mjue sikio lilikuwa langu." Alikuwa anajisifu tu, lakini ilikuwa kweli, na sasa kweli hiyo ilikuwa inategemea kipande cha kebo. Kikijulikana urefu wake, miaka yake ndiyo iliyousikia ulimwengu. Kisipojulikana, haikusikia kitu.

"Muulize shemeji," Bosi alisema taratibu. "Jopo la wakaguzi linakaa mwisho wa mwezi. Jaribu tu, dada."

Nilijaribu jioni ileile. Nilikaa mbele yake mezani, nikamweleza kila kitu, pole pole, kama mtu anayesoma barua kwa sauti. Mviringo. Wageni. Mkasi. Alinitazama kwa makini, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anapanga vijiko vilale sambamba.

"Unaikumbuka siku hiyo?"

"Ndiyo."

"Ulikata mita kumi?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa ishirini?"

"Ndiyo."

"Mia moja?"

"Ndiyo," alisema, na akanipa tabasamu la upole, lile la nusu uso, kama mtu anayenifurahisha.

Nikapiga meza. Vijiko vikaruka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwamba kukata alijua ila kusema hajui, na mengine. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe! Unamgombeza mgonjwa?"

"Namgombeza mume wangu."

"Basi kamgombeze ukiwa peke yako bafuni. Kaka yangu hajakukosea." Akaviokota vijiko kimoja kimoja, akavirudisha mezani shaghalabaghala, na Nyoosha akaanza tena kuvipanga. Nililia, si kwa sababu ya uvumi wala ulimwengu. Nililia kwa sababu sikujua kama nimemgombeza mtu au nimegombeza kiti.

Mtaalamu wa usemi, nilipomsimulia, alisema jambo lililonipa moyo. Alisema mara nyingine mikono inakumbuka yale ambayo ulimi umepoteza. Fundi cherehani anaweza kushindwa kutaja sindano na bado akapitisha uzi. Tumpe kitu cha kazi yake, tuone.

Nilimweleza Bosi, na Jumamosi asubuhi alikuja nyumbani mwenyewe, amevaa viatu vya mazoezi, na begani amebeba kebo. Ilikuwa ya aina ileile, nyeusi, nene kama kidole gumba. Wifi alimkaribisha, akamtazama na mzigo wake, akasema, "Karibu, dada, wengine huleta matunda."

Tulimkalisha Nyoosha kwenye kochi, tukamwekea ile kebo miguuni, ovyo, kama ilivyojimwaga. Nilichuchumaa mbele yake. "Hii ndiyo akiba ya ukutani," nilimwambia. "Tuonyeshe ilikuwaje. Ilikuwa mizunguko mingapi?"

Alikiangalia kitu kile kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika. Sijui niseme vipi. Niliishi na uso ule zaidi ya miaka ishirini na nilikuwa nimeshauzika, na sasa ulikuwa umerudi, pamoja na ule mkunjo wa dharau kati ya nyusi aliokuwa nao kila alipoona kazi ya fundi mwingine. Aliinama akashika ncha. Kwa mkono mmoja, akisaidiwa na goti, alianza kuizungusha vile mafundi wanavyozungusha, duara moja kwa juu na linalofuata kwa chini, ili isijikunje. Moja. Mbili. Bosi alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. Mizunguko ilikuwa mikubwa, sawasawa, kila mmoja kama mita mbili. Sita. Saba. Nane. Akasimama hapo, akaukandamiza mviringo kwa kiganja, akautazama, akaridhika.

"Minane," Bosi alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mita kumi na sita. Mungu wangu, kumi na sita!"

Alinikumbatia. Wifi alipiga vigelegele bila kujua kinachoshangiliwa. Nilimbusu Nyoosha kwenye paji la uso, nikamwambia umeusikia, wewe mjinga, umeusikia, na yeye akasema ndiyo. Siku ile tulikula pamoja sote wanne, na Bosi alicheka mpaka akatapakaza maji mezani. Aliondoka kabla ya jioni akiwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona, na akaiacha kebo.

Nilikuwa naosha vyombo. Sikuwa na hili wala lile, nilikuwa nawaza tu jinsi Miwani atakavyoruka Jumatatu, na jinsi Nyoosha alivyosimama kwenye mzunguko wa nane na kuukandamiza. Nikajiuliza alisimama kwa nini. Mikono yangu ikatulia ndani ya maji. Nilikwenda sebuleni, nikaufungua mviringo, nikautandaza sakafuni kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa nyuma. Alisimama kwa sababu kebo iliisha.

Ilikuwa na mita kumi na sita. Alizungusha yote.

Kwa kazi yangu ya miaka yote nimefundisha watu jambo moja: ukikitafuta kitu hafifu ndani ya kelele, adui yako mkubwa ni hamu yako. Kwa hiyo nilifanya ninachofundisha. Jumapili nilikwenda kazini, nikaomba stoo kebo ndefu zaidi, na nyingine fupi. Nilirudi nikamwekea ile ndefu miguuni. Uso ukarudi, mkunjo wa nyusi ukarudi, akazungusha duara kwa duara hadi mwisho, kumi na tatu, akakandamiza, akaridhika. Nikamwekea fupi. Mizunguko mitatu, akakandamiza, akaridhika. Nikamrudishia ndefu, nikamwomba, "Tafadhali, baba watoto, simama ilipokuwa. Ilipokuwa ukutani. Simama hapo." Akazungusha hadi mwisho. Alikuwa na furaha sana. Hajawa na furaha kama hiyo tangu aanguke, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya kebo namtazama akifurahi.

"Si amefanya vizuri?" wifi aliuliza.

"Amefanya vizuri sana."

"Mbona umenuna kama umefiwa?"

Nikainuka, nikaanza kuzikusanya kebo.

Jumatatu nilimfuata Bosi ofisini kwake na nikafunga mlango. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akitazama kalamu yake.

"Kebo uliyoleta, nani aliikata?" nilimwuliza.

"Wa stoo."

"Na nani alimwambia mita kumi na sita?"

Akaweka kalamu chini. "Aliniuliza ngapi. Ikanitoka tu. Sikufikiri, naapa. Nimelala na namba hiyo, nimeamka nayo, siku zote hizi." Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Ningempa mita tisa, ungekuja leo kuniambia ni tisa."

"Ningekuja nikiwa nashangilia."

"Lakini inawezekana ilikuwa kumi na sita kweli," alisema. "Data inaipenda. Hakuna anayejua tulivyopata. Tungesema tu fundi aliyefanya kazi hiyo ameonyesha."

Mfa maji hukamata maji. Sikumlaumu, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe, kwa sababu huwa nalaumu watu kwa mambo madogo zaidi. Alikuwa anastaafu mwaka unaofuata. Wimbi linalofuata lingepita akiwa amekaa nyumbani. Na mimi nilikuwa na sababu kubwa kuliko yake. Kama ningenyamaza, jina la mume wangu lingesimama mbele ya dunia nzima kama sikio lililousikia uvumi. Nilichopaswa kufanya ni kufunga mdomo tu, kazi ambayo sijawahi kuiweza.

"Hakuonyesha kitu, Bosi," nilisema. "Alizungusha kebo."

Aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Najua," akasema. "Nilitaka tu mtu mwingine aseme."

Tukakata rekodi. Miwani alifanya kazi hiyo kwa siku chache bila kumsemesha mtu. Miaka ya mwanzo ikatoka, mchoro ukalegea, ule uvumi ukarudi ndani ya kelele kama uliokuwa umechungulia tu. Jopo lilikaa, likasoma, likatusifu kwa uangalifu wetu, na likakubaliana na sentensi tuliyoiandika wenyewe: kwamba kuna dalili, na dalili haitoshi. Kwa kuwa na rekodi fupi, tutahitaji kusubiri tena. Mtu mmoja aliuliza ni muda gani. Bosi alisema ni muda ule ambao wimbi linahitaji.

Ilibaki kumwambia mwenyewe.

Wifi alisema hakuna haja. "Atasema ndiyo tu. Unajitesa bure." Lakini miaka ilikuwa yake. Mtu akitupiwa vitu vyake barabarani, angalau anaambiwa. Basi nilisubiri siku ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, wifi akiwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Nilianza kukusanya sahani ili niwe na kitu mikononi, kisha nikakaa na sahani moja mapajani, nikamwambia. Sikutumia maneno ya kumdanganyia mtoto. Nilimwambia kwamba kwa sababu hatujui alikata kiasi gani, miaka yake ya kwanza imetolewa, yote, usiku wote ule na grisi yote ile, na kwamba pasipo hiyo hatukuusikia. Nilimwambia si kosa lake. Kisha nikamwambia ni kosa lake, kwa sababu ni kweli na kwa sababu angekuwa mzima angetaka nigombane naye. "Ungeuacha ule mviringo ukutani, mwanamume wewe. Ungeuacha ulivyo."

Alikuwa anatazama mkono wake mbaya uliolala mezani. Aliushika kwa ule mzima, akauweka sawa, vidole vikaelekea mbele.

Sikuwa na nia ya kuuliza tena. Ilinitoka tu, kama namba ya Bosi ilivyomtoka. "Ilikuwa mita ngapi?"

Midomo yake ikajikusanya. Ule upande uliokufa ulitetemeka. Akainua macho akaniangalia, na hakuwa ananifurahisha, alikuwa ananiangalia kama tunavyoangaliana watu wawili, na macho yakawa yanajaa maji.

"Sijui," alisema.

Neno zima. Mwanzo, kati na mwisho. Nilisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Umesemaje?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka shavuni. Nilishika uso wake kwa mikono yote miwili, sahani sijui niliitupa wapi. "Rudia. Umesemaje, baba? Hujui? Umesema hujui?"

"Ndiyo," alisema.

"Sema tena lile. Hujui ilikuwa mita ngapi?"

"Ndiyo."

"Unajua ilikuwa mita ngapi?"

"Ndiyo," alisema, na upande mmoja wa uso ukaanza kutabasamu kwa upole.

Nilimwita wifi kwa sauti iliyomfanya aache nguo zianguke chini. Alikuja mbio, mikono imelowa, akidhani kaka yake amekufa. Nilimweleza huku nimekosa pumzi. Amesema. Ameongea. Amesema hajui, amesema kwa kinywa chake, neno jingine kabisa, na alikuwa analia, tazama machozi.

Wifi alimtazama kaka yake. Macho ya Nyoosha humwaga machozi kila siku tangu augue, hasa lile la kulia, na tuna kitambaa maalumu cha kumfuta. Wifi alikichukua, akamfuta taratibu, kisha akachuchumaa.

"Kaka. Umesema kitu?"

"Ndiyo."

"Au hukusema kitu?"

"Ndiyo."

Akasimama. Aliniwekea mkono begani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu hakuwa na utani wowote mdomoni.

"Wifi," alisema, "amesema kweli, au ulitaka sana aseme?"

Nikamtazama mume wangu, aliyekuwa ameanza kupanga vijiko, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu kuuliza swali hilo.